Mistari Miwili

Nilidhani ni salfa.
Mwezi wa sita Newala, mtu akikohoa haulizwi:
pampu mgongoni tangu alfajiri,
vumbi la njano likishuka juu ya mikorosho,
hata mbuzi wa Nampunju wanakohoa.
Mimi ni nani nisikohoe?

Lakini usiku ule ukungu ulipotanda
mwili ukawaka, mifupa ikauma
kama niliyetwangwa nikarudishwa kinuni.
Asubuhi nikajikokota hadi kituo cha afya.

Tabibu Chitanda, mtoto wa marehemu Akwilina
(nilimfunga nepi mimi, leo ananiita "mgonjwa wangu"),
akanichokonoa pua kwa kijiti cha pamba
hadi nikakumbuka madeni ya mwaka juzi.
Tukangoja dakika kumi na tano.
Mstari mmoja.
Kisha wa pili, taratibu,
kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Malaria huna, mama. Hii ni homa ya mafua."
Pumzika, akasema. Panadoli, kwa saa.
Usipitie kwa Mchopa kununua amoksilini,
vidonge vile havina ugomvi na kirusi.
Kifua kikibana, pumzi ikikatika, rudi,
hata kama ni saa nane za usiku.
Na unywe maji mengi.

Maji mengi! Nikacheka, kicheko kikawa kikohozi.
Mwanangu, umesahau ulikozaliwa?
Kwetu ndoo hupandishwa mlima kwa baiskeli,
maji tunayanywa huku tunapiga hesabu.

"Nyumbani kuna nani?"

Hapo ndipo magoti yaliponiishia.

Nyumbani yupo Somoe, amekuja kujifungulia kwetu,
na ubavuni mwake kiumbe cha siku kumi na moja.
Jana nimekiogesha kwa mikono hii.
Nimekipulizia usoni kikanyamaza.

Chitanda akaacha kuandika.
"Sogea mbali naye. Mama yake aendelee kunyonyesha.
Mtoto akikataa ziwa, au akipata joto,
msingoje kukuche."

Sikuingia kwa mlango wa mbele.
Nilisimama uani, barakoa usoni, nikaita:
Somoe, usinikaribie, fungua madirisha yote!
Nikalala stoo, kati ya pampu na magunia matupu,
kikombe changu nimekifunga uzi mwekundu.

Nikampigia simu Likwata:
juzi shambani tulikunywa kata moja,
mimi nimepimwa, ninayo.
Akacheka, ati wanawake mnapenda vipimo.
Kisha akakohoa.
Tukanyamaza wote wawili.

Bi Nalinga akaleta mchaichai,
nikamwambia weka hapo kwenye kinu, rudi nyuma.
Aliweka. Alirudi nyuma. Alinuna.
Jioni kijiji kikawa na habari:
mara ninaringa, mara nimetupiwa kitu.
Semeni. Mimi nilikuwa nimeweka sikio ukutani.

Siku ya tatu akapiga chafya.
Moja.
Nilikaa macho hadi jogoo, nikingoja ya pili,
udongo wa ukuta umenichora shavuni.
Haikuja. Kilichokuja ni kilio,
kilio kinene cha mtu aliyecheleweshewa ziwa,
nami nikalia naye, kila mtu upande wake.

Leo ni siku ya sita. Homa iliniacha juzi,
kikohozi bado kinabisha, hakina haraka.
Nimenunua ndoo nzima, nusu nimenawia,
mikono na viwiko, kwa sabuni ya kipande,
na bado sikuvuka kizingiti.

Somoe akamleta dirishani,
akafunua kanga, akamnyoosha mikono.
Mimi nikiwa huku, hatua saba,
nikahesabu vidole kwa macho,
nikarudia tena kuanzia dole gumba,
kama ninavyohesabu noti za korosho
karani akiwa ameshaondoka.

Vimetimia.